Makazi ya Wazee Yaanzie Jikoni

Usukumani macho mekundu yamewaponza vikongwe wengi. Mwanamke aliyepikia kuni mbichi na samadi kavu tangu ujana wake, tena katika kibanda kisicho na dirisha, macho humwiva kwa moshi. Jirani aliyefiwa akayatazama, akaona uchawi. Wapo waliokatwa mapanga kwa sababu hiyo. Ndiyo maana wilayani Magu watetezi wa wazee hawakuishia kuhubiri kwenye mikutano ya kijiji. Walihimiza pia majiko sanifu.

Anayechora ramani ya makazi ya wazee kijijini na aanze hapo, jikoni, kabla ya kufikiria lango na bango la mfadhili.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitaka mzee atunzwe na familia na jamii yake, makazi maalumu yawe njia ya mwisho. Ni sawa kabisa, ila wapo wasio na wa kuwatunza, na baadhi yao ndio wanaopokewa Bukumbi mkoani Mwanza, Kolandoto mkoani Shinyanga au Nunge, Kigamboni. Yanapozungumzwa makazi kama haya, mjadala huishia kwenye ujenzi: nani atoe saruji, nani alete mabati. Saruji hununuliwa mara moja. Kuni, umeme na maji hudai kila mwezi, na mgeni rasmi aliyekata utepe keshaondoka siku nyingi.

Chukua paa. Bati tupu juu ya chumba kisicho na dari hukigeuza chumba tanuri ifikapo saa nane mchana, na mwili wa mzee haumudu joto kama wa kijana. Watu hukimbilia feni, baadaye kiyoyozi, kisha bili ikawashinda. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, aliijengea Gando shule kwa akili nyingine. Ilikamilika 2001: kuta za udongo uliochanganywa na saruji kidogo, dari yenye matundu, na bati lililoinuliwa juu ya dari hiyo ili upepo upite katikati na kuliondoa joto. Mwaka 2022 Kéré alipewa Pritzker, tuzo kubwa kuliko zote za wasanifu majengo.

Hapa nyumbani, Magoda wilayani Muheza zilijengwa nyumba sita za majaribio zenye kuta zinazopitisha hewa. Za ghorofa ndizo zilizofanya vizuri zaidi, kwa ubaridi na kwa uchache wa mbu. Lakini bibi wa miaka 80 haambiwi apande ngazi kwenda kulala. Cha kuazima Magoda ni kuta. Ghorofa waachiwe vijana.

Matofali nayo yapo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza yale ya kufungamana: udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, hayachomwi. Hakuna msitu unaokatwa kwa ajili ya tanuru, na vijana wa kijiji wanaweza kufundishwa kuyafyatua.

Turudi jikoni. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na mkakati uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Makazi yenye wazee 40 hayafiki idadi hiyo, kwa hiyo yanaweza kuendelea kufuka moshi bila kuulizwa na mtu. Hayo ndiyo yangetangulia. Jiko la presha la umeme huivisha nusu kilo ya maharage kwa umeme usiofika uniti moja.

Sola ndogo itoshe kwanza kumulika njia ya chooni usiku, maana gizani mzee huweza kujikwaa akavunjika nyonga. Afadhali zaidi choo kiwe ndani.

Ramani moja isitumwe kila mkoa. Kigamboni nyumba inaomba upepo. Njombe, kwenye baridi ya Julai, inaomba kuta nene, dari iliyozibwa na dirisha la kupokea jua la asubuhi. Na halmashauri zinapotangaza zabuni, zidai kila mkandarasi aandike, kando ya bei ya ujenzi, gharama ya kuiendesha nyumba hiyo kwa miaka 10.