Acheni Nifume

Rumeti wangu alipoingia chumbani akanikuta na sindano ya kroshia mkononi, alicheka mpaka akakaa chini. "Oya mwanangu, UE wiki mbili zijazo, we unafuma vitambaa vya makochi?" Kesho yake habari ilishafika kantini. Tangu siku hiyo naitwa Mama Vitambaa. Sijakasirika. Ila kwa kuwa wengi mmeniuliza kwa utani, naomba niwajibu kwa maandishi, maana jibu lenyewe si la utani.

Kufuma nilifundishwa na bibi, nyumbani Mabwepande, mwaka nilioahirisha masomo. Najua wapo waliodhani nilidisko. Sikudisko. Baba alipata kiharusi semista ikiwa katikati. Mama anashinda sokoni, kwa hiyo alihitajika mtu wa kubaki nyumbani kumgeuza, kumlisha na kumshika akijifunza kutembea upya. Mtu huyo nikawa mimi. Mchana nauguza, usiku naangalia picha zenu kwenye simu: mara mko fildi, mara mnapiga msuli pamoja, mara kuna bethidei ya mtu. Nyie mnakwenda, mimi nimesimama. Usingizi ukahama kabisa.

Bibi hakunipa hotuba. Alinirushia donge la uzi, akasema, "Mume wangu, hiyo simu itakuua. Hebu shika hii."

Bibi alikuwa na haki ya kusema. Sisi si wenyeji wa Mabwepande. Kwetu ni Hananasif, bondeni. Mvua za Desemba 2011 zilipofurika bonde la Msimbazi, nyumba yetu ilikuwa mojawapo ya zilizoingia maji. Mwanzoni mwa 2012 serikali ikazihamishia Mabwepande baadhi ya familia za mabondeni. Tulianzia kwenye hema, porini, mbali na kila tuliyemjua. Nilikuwa na miaka minane. Bibi alikuja na mfuko wa nyuzi, pamoja na marando ya matembele aliyoyafunga kwenye khanga mbichi yasikauke njiani. Hata choo cha maana hatujapata, yeye ameshachimba tuta. Jioni alikaa mlangoni mwa hema akifuma kitambaa cha kochi. Kochi lenyewe lilishakwenda na maji.

Wakati ule niliona ni vituko vya uzee. Mwaka wa kumuuguza baba ndio nikaelewa. Maisha yakikuvuruga, kinachokuumiza zaidi ni kuona hakuna unachokifanya kikaonekana. Unampeleka mgonjwa kliniki, unarudi, na leo yuko vilevile kama jana. Lakini kitambaa kilikuwa mistari kumi jana, leo ni kumi na mitano. Mchicha ulioumwaga Jumapili, kufika katikati ya wiki umeshatoa vichwa. Ndani ya wiki tatu au nne unavuna. Ni vitu vidogo, lakini unaviona kwa macho, na umevifanya wewe.

Jambo la pili nililojifunza ni kufumua. Kitambaa changu cha kwanza niliruka kitanzi kwenye mstari wa sita, nisijue mpaka kimeanza kukunjamana. Bibi alivuta uzi, kazi ya siku mbili ikaisha kwa dakika moja. Nilikasirika hasa. Akaniuliza, "Sasa unanuna nini? Uzi si huu hapa?" Chuoni hatujazoea hivyo. Ukipata alama ya chini, inakaa kwenye transkripti mpaka unazeeka. Kwa uzi unarudi nyuma, unaanza upya, na hakuna atakayejua.

Marehemu babu naye alikuwa na somo lake. Alifanya kazi ya kusokota uzi Urafiki, kiwanda cha nguo cha pale Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi 1968. Alikuwa anachukua pamba ya dukani na kutuambia tuivute. Inakatika. Kisha anaivuta yeye huku akiisokota taratibu kwa vidole, na inatoka uzi wa kufungia mzigo. Pamba ni ileile.

Wanaotaka ushahidi wa kitaaluma, upo kiasi. Mwaka 2013 jarida la Uingereza, British Journal of Occupational Therapy, lilichapisha utafiti uliowahoji wafumaji zaidi ya 3,500 wa nchi mbalimbali. Waliofuma mara nyingi zaidi ndio waliosema wanajisikia watulivu na wenye furaha zaidi. Waliojibu ni watu wanaopenda kufuma tayari, kwa hiyo usiuchukue kama dawa iliyothibitishwa. Lakini unafanana na niliyoyaona mwenyewe.

Na wanaosema hii ni kazi ya wanawake, panda daladala uende Kunduchi ufukweni asubuhi, boti zikiwa zimerudi. Utakuta wanaume wa miraba minne wamekaa mchangani wanaziba nyavu, fundo kwa fundo, na hakuna anayewaita mama mtu.

Kuna swali jingine linalonichosha zaidi ya utani: "Unauza bei gani?" Kila semina tunayoitwa ni ujasiriamali, kila kitu ni fursa. Nilijaribu. Nikachukua oda ya vitambaa kumi na viwili vya harusi. Kufika cha nne, mabega yananiuma, mteja anapiga simu kila saa, na ile raha imepotea. Imekuwa asaimenti nyingine. Fedha si mbaya, na bumu likichelewa hata mimi nauza. Ninachosema ni kwamba mtu awe na angalau kitu kimoja anachokifanya bila kukipangia bei.

Wala sisemi kufuma kunatibu kila kitu. Kama umekosa usingizi wiki nzima, au unawaza kujidhuru, nenda ofisi ya ushauri nasaha leo, usisubiri kesho. Na asitokee mtu akasema wanafunzi wapewe nyuzi ili waache kudai haki zao. Mikono miwili inatosha kwa yote.

Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo. Nyuma ya hosteli kuna eneo lisilo na kazi, linatupwa taka tu. Tuombeeni ruhusa tupige matuta. Mchicha na matembele havitaki mtaji, na maji ya kuoshea vyombo tunayamwaga kila siku. Jumamosi jioni tukutane hapo, anayetaka kumwagilia amwagilie, anayetaka kufuma afume, simu tuziache vyumbani. Katikati yetu wapo waliofiwa, waliokamatwa na sapu, na waliorudi baada ya kuahirisha wakakuta wenzao wameshawatangulia. Mtu kama huyo hahitaji mawaidha. Anahitaji mahali pa kukaa na kitu cha kushika.

Baba sasa anatembea kwa fimbo. Asubuhi anamwagilia tuta la bibi kwa mkono wa kushoto, nusu ya maji yanaishia miguuni, na hataki kusaidiwa. Rumeti wangu naye juzi, matokeo yalipotoka, alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Hivi mstari wa kwanza unaanzaje?"

Sindano ya ziada bado ninayo moja. Ulizeni chumba cha Mama Vitambaa, mtaonyeshwa.