Neno "Work" Katika Somo la Fizikia

Mkulima wa Ufipa anapofukia majani kwa jembe na kuinua tuta ili yaoze yawe mbolea, hapana atakayekana kwamba amefanya kazi. Binti yake asomaye sekondari mjini Sumbawanga hulikuta jambo hilo katika fizikia kwa jina la Kiingereza, "work". Kamusi humwambia kuwa maana yake ni kazi, naye huridhika. Hapo ndipo anapopotea.

Neno hilo lina maana nyingi. Saa isiyosimama husemwa kwamba "works". Vitabu vya mtunzi huitwa "works". Wizara ya Ujenzi huitwa kwa neno hilo hilo, na hata mahali pa kuyeyushia chuma, mithili ya zile tanuri ndefu za udongo za Wafipa wa kale, huweza kuitwa hivyo.

Fizikia imechagua maana moja finyu: nguvu mara umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa nguvu hiyo. Mchukuzi akiinua gunia la kilo 50 kwa kimo cha mita 1, amefanya kazi ya juli 500 hivi. Akisimama nalo begani saa nzima, kazi anayoifanya juu ya gunia ni sifuri. Jasho lake si uongo: misuli hutumia nishati ya chakula, nayo hugeuka joto, lakini gunia halikusogea.

Mwanafunzi akilikataa jibu hilo la sifuri, aghalabu hudhaniwa kuwa mzito wa akili. La hasha! Anatetea maana aliyoipata shambani. Maana ya fizikia ni ya baadaye: Mfaransa Coriolis ndiye aliyeliingiza katika elimu ya mitambo, mwaka 1829, neno la kawaida la lugha yake lenye maana ya kazi.

Kwa hiyo mwalimu asitosheke na tafsiri ya neno moja. Na aanze na tuta: ni kitu gani kimesogea, kwa nguvu gani, umbali gani? Kisha aeleze kinaga ubaga, kwa Kiswahili pia, mahali maana ya shambani inapokoma na ya fizikia inapoanzia. Dakika tano zitumiwazo hivyo si hasara. Neno geni humfanya mwanafunzi aulize. Neno alilolizoea humnyamazisha, akaja kukosea katika mtihani.