FUNDI WA KIJIJI: Breki ya tela la pawatila

Mpunga wa Kyela ukishavunwa, kazi inayobaki ni kuufikisha nyumbani na kwenye mashine ya kukoboa. Zamani tulibeba kichwani na kwa baiskeli. Siku hizi wengi wanategemea pawatila. Tangu mwaka 2009, Serikali ilipotangaza Kilimo Kwanza, mashine hizi zimeongezeka vijijini. Asubuhi inalima jaruba. Mchana inafungwa tela na kubeba mpunga, kakao, matofali, hata maharusi.

Mwezi huu tutazungumza juu ya breki ya tela hilo.

Kwanza tupime uzito. Kichwa cha pawatila, yaani injini na magurudumu yake mawili, kwa kawaida kina kilo 300 hadi 500. Sasa pakia magunia 10 ya mpunga, kila gunia kilo 80. Hizo ni kilo 800. Ongeza uzito wa tela lenyewe na wa dereva. Utaona kwamba kilicho nyuma ni kizito kuliko kilicho mbele, pengine mara mbili au zaidi.

Kwenye tambarare, kichwa kinavuta tela. Kwenye mteremko mambo hugeuka. Tela linasukuma kichwa. Tela likikosa breki, kichwa kinasukumwa upande, na tela linakipanda. Vyote viwili hujikunja kama kisu kinavyojikunja kwenye mpini wake. Na dereva anakaa pale pale kisu kinapojikunjia.

Utasikia mtu akisema, "Kyela kwetu ni tambarare, breki ya nini?" Karibu na ziwa ni kweli. Lakini panda kuelekea Rungwe uone. Mji wa Tukuyu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya Ziwa Nyasa. Hata huku chini tuna mito: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Penye mto pana kingo, na penye daraja pana tuta. Mteremko wa hatua 20 unatosha kulipindua tela lililojaa.

Wengine husema, "Injini itashika." Itashika, ikiwa umeingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka. Lakini wapo madereva wanaotoa gia ili mashine iserereke yenyewe, eti wanaokoa dizeli. Wanaokoa kijiko kimoja cha dizeli.

Haya, tushike spana. Matela mengi ya pawatila yana breki ya kukanyaga kwa mguu. Ukikanyaga, fimbo ya chuma inavutwa. Fimbo inafungua viatu vya breki ndani ya magurudumu ya tela. Viatu vinabana, gurudumu linasimama. Mwishoni mwa fimbo kuna nati. Nati hiyo ndiyo inayokaza au kulegeza breki.

Weka tela mahali pa tambarare, bila mzigo. Zima injini. Weka mawe au kabari kwenye magurudumu. Kisha inua gurudumu moja kwa jeki, na uweke gogo imara chini ya ekseli, maana jeki peke yake huteleza. Zungusha gurudumu kwa mkono. Huku ukizungusha, kaza nati kidogo kidogo mpaka usikie viatu vinakwaruza. Hapo rudisha nyuma kidogo, mpaka gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Fanya vivyo hivyo upande wa pili.

Sasa kanyaga breki kwa mguu. Pedali ishuke kidogo bure, kama upana wa vidole viwili, ndipo ianze kushika. Ikienda mpaka chini, breki imelegea. Ikishika mara tu unapoigusa, imekaza mno. Itachemka, italiwa upesi, na gurudumu litajifunga. Tela lililofungwa magurudumu huteleza kama mtumbwi kwenye tope. Waulize wanaobeba vyungu vya Wakisi kutoka Matema. Breki inayoshtua inaweza kuwaachia vigae.

Ukimaliza kupima, kaza nati ya pili ili ile ya kwanza isijifungue njiani. Wengi wanaisahau hii. Barabara yenye mashimo huilegeza nati kwa siku moja.

Kuna kipimo kingine, nacho ndicho kikubwa. Lazima breki za kushoto na za kulia zishike sawasawa. Nenda mahali penye udongo laini, pasipo watu. Endesha pole pole, kisha kanyaga breki kwa nguvu. Shuka utazame alama za matairi chini. Alama zikiwa sawa, vizuri. Tela likivuta kushoto, breki ya kushoto imekaza kuliko ya kulia, au ya kulia imeingia grisi. Tazama upepo wa matairi pia, kwani tairi lenye upepo mdogo nalo huvuta upande wake.

Rudia jaribio hilo ukiwa na mzigo nusu, halafu mzigo kamili. Breki iliyosimamisha tela tupu haijathibitisha kitu. Huko Marekani, magari mengi yanayovuta tela zito hufungwa kisanduku cha umeme karibu na usukani, na dereva huchagua kwa kitufe nguvu ya breki ya tela. Naye pia hujaribu kwanza akiwa na mzigo wake, mahali salama, kisha huongeza au kupunguza.

Kama umekaza nati mpaka mwisho na breki bado haishiki, viatu vimekwisha. Mwite fundi aweke vipya. Usifunge waya wala mpira.

Kyela ina mvua nyingi, na barabara zetu hujaa maji. Viatu vya breki vikilowa, havishiki. Ukitoka kwenye maji, endesha pole pole huku ukikanyaga breki kidogo kidogo. Joto litavikausha. Fanya hivyo kabla ya kufika mteremkoni.

Jambo la mwisho limewashangaza madereva wengi. Pawatila ina vishikio viwili vya kukatia kona. Kwenye tambarare ukibana cha kushoto, mashine inakwenda kushoto. Kwenye mteremko ukibana cha kushoto, inaweza kwenda kulia! Sababu ni hii. Kishikio hukata nguvu ya injini kwenye gurudumu la upande huo. Kwenye tambarare gurudumu lililokatiwa nguvu hubaki nyuma. Lakini mteremkoni injini ndiyo inayozuia magurudumu. Ukilikata la kushoto, linaachiwa, linakimbia kuliko lenzake, na kichwa kinageukia kulia. Huenda kulia ndiko liliko korongo.

Kwa hiyo juu ya mteremko simama kwanza. Ingiza gia ndogo. Teremka bila kugusa klachi wala vishikio vya kona, na ugeuze kichwa kwa kusukuma mikono ya mashine. Punguza mwendo kwa breki ya tela. Pawatila nyingi zina breki ya kichwa pia, lakini hiyo usiitumie ukiwa na mzigo unaokusukuma. Abiria wa juu ya magunia washuke, wateremke kwa miguu.

Matela mengine yanachomelewa mitaani na kuuzwa bila breki yoyote. Bei yake ni ndogo. Tela la namna hiyo lifanye kazi shambani, penye tambarare. Ukienda kununua, lala chini utazame fimbo na viatu kwanza, rangi utaitazama baadaye.