Umelipia Folda, Maze

Wasee, huyo jamaa anayewauzia "templeti 500 za kuendesha biashara ukilala" kwa elfu tatu anawauzia maji ya mto. n8n wana maelfu ya templeti kwa tovuti yao, nyingi za bure. Zapier na Make pia wanazo. Unanakili, unabandika, imeingia. Hiyo elfu tatu umelipia folda.

Lakini doo si ndiyo inaniuma. Shida ni mnaziwasha bila kufungua hata hatua moja ndani, halafu biashara ya mtu inaungua.

Sitajifanya, mimi mwenyewe nimefanya huo ujinga. Nilipoacha chuo, mteja wangu wa kwanza alikuwa shangazi yangu. Anauza viatu vya mitumba, na wateja wake wengi hulipa mdogo mdogo. Nikachukua templeti ya n8n ya kukumbusha watu madeni kwa WhatsApp, nikabadilisha majina, nikawasha. Nilijiona injinia kabisa.

Sasa, ukiandika 0712 kwa Google Sheets, inadhani ni hesabu. Inakula ile sifuri ya mbele. WhatsApp nayo inataka 254. Hakuna ujumbe hata mmoja ulifika, na hatua ya mwisho ya templeti ikaandika "amekumbushwa" mbele ya kila jina, haikuuliza kama umeenda. Shangazi akakaa wiki mbili akidhani watu wamemdharau. Kuna mteja wa miaka mingi alimgombeza kwa simu, na huyo mama hakuwa amepata ujumbe wowote. Hajarudi mpaka leo.

Nikarekebisha nambari. Kumbe saa pia! n8n ukiiweka kwa seva yako mwenyewe, usipoiambia uko wapi, inafuata saa za New York. Saa mbili asubuhi yao ni saa tisa au saa kumi mchana huku. Shangazi alitaka pesa ziingie mapema aende Gikomba. Ujumbe ukafika wakati wenzake wameshabeba viatu vyote vizuri.

Na hiyo ni templeti safi, haina makosa. Aliyeitengeneza aliitengenezea maisha yake. Angalia zile za malipo: nyingi zinangoja Stripe iseme pesa imeingia. Mteja wako analipa kwa Till halafu anakutumia skrinshoti! Na msithubutu kuweka ile ya AI inayosoma skrinshoti na kuachilia mzigo. Meseji feki za M-Pesa mnazijua. Pesa ikiingia kwa Till, anayeweza kuambia mfumo wako ukweli ni Daraja ya Safaricom, na kuiunganisha ni kazi ya kukaa chini, si ya kubandika.

Najua mtasema templeti zinasaidia kuanza. Sawa, hata mimi bado nazitumia. Lakini nafungua kila hatua, najitumia mimi mwenyewe kwanza, na nikipata mahali inaweza kufeli kimya kimya, naiambia inipigie kelele. Nusu ya hatua huwa nafuta.

Shangazi alirudi kwa kaunta buku yake. Jumamosi naenda kukaa naye kibandani siku nzima nione vile anajua nani wa kukumbushwa na nani wa kuachwa kwanza. Laptop naiacha nyumbani.