Kupunguza Bahari ya Sebuleni

Juma hili nina maneno ya nyumbani kwangu, nami nataraji mtanivumilia, maana ni habari ya tangi la samaki. Msicheke kwanza. Nimepoteza usingizi kwa ajili yake, na huenda yuko mmoja wenu atakayepona hasara yangu.

Mimi ni mtu wa Tanga, lakini huu ni mwaka wa 26 nakaa Hamburg, Ujerumani. Bahari ya huku ni ya baridi, wala haina matumbawe kama yetu. Kwa hiyo wako watu wajitengenezeao kipande cha mwamba wa bahari ya joto sebuleni: tangi la kioo, maji ya chumvi, mawe ya baharini, samaki, na matumbawe yaliyo hai kabisa. Jirani yetu, mzee wa Kijerumani, ndiye aliyenifundisha kazi hiyo. Siku aliponiona nimeshika vizuri alinipa tumbawe lake laini lenye umbo la uyoga, ukubwa wake kama kiganja. Mzee yule amekwisha fariki. Tumbawe lake lilizidi kukua hata likawa pana kama sinia.

Tangi letu lilikuwa la lita 500. Watoto wamekwisha toka nyumbani, mama watoto magoti yanamsumbua, basi tukapata nyumba ndogo yenye lifti. Lakini maji peke yake yalizidi kilo 500. Ukiongeza mawe, kioo na meza yake, wafika kilo 700. Mwenye nyumba aliposikia hesabu hiyo alitikisa kichwa.

"Baba watoto," mama akaniambia, "ama dogo, ama basi."

Tukanunua la lita 120.

Nalifikiri kwamba tangi dogo ni kazi ndogo. La! Tazameni jambo moja tu, yaani maji yanayokauka. Maji hupanda hewani, lakini chumvi hubaki. Tangi la lita 500 likipoteza lita 3 kwa siku, chumvi yaongezeka kidogo mno, hata samaki hana habari. Lita 120 zikipoteza 2, ukasahau siku tatu kwa sababu ulikwenda arusini, umekwisha wabadilishia bahari. Ndivyo ilivyo na kila kitu: chakula kikizidi, samaki mmoja akifa nyuma ya jiwe, kipasha joto kikikwama. Maji mengi husamehe. Maji machache hayana subira. Kwa hiyo nawashauri, kabla ya kununua pambo lolote, nunueni kile chombo kidogo chenye pampu kinachoongeza maji baridi yasiyo na chumvi kila yanapopungua. Mimi nalikinunua baada ya kosa la pili.

Kisha likaja jambo la nani aende na nani abaki. Kangaja wetu wawili niliwapa mtu mwenye tangi kubwa, kwani kangaja ni samaki wa kuogelea mchana kutwa, na kumtia katika sentimita 60 ni kumfunga gerezani. Tukabaki na wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, ambao hawaendi mbali na kwao. Matumbawe magumu niliyakata vipande, nikavigandisha juu ya vijiwe kwa gundi ya supa, nikawagawia wenzangu. Hilo ni jambo jema zaidi ya mnavyodhani. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya viumbe ambavyo biashara yake kati ya nchi na nchi huchungwa kwa mkataba, na kila kipande kilichokua nyumbani ni kimoja kisichong'olewa mwambani.

Hapa nisiwafiche hatari. Baadhi ya matumbawe laini yale madogo kama vifungo yana sumu kali sana; wataalamu waliichambua Hawaii, wakaitangaza mwaka 1971. Vaeni glavu na miwani mnapokata, wala msichemshe mawe kuyasafisha, kwani mvuke wake umewahi kulaza watu wazima hospitalini.

Siku ya kuhama tulichukua mawe yakiwa yamelowa ndani ya ndoo, kwa kuwa ndani ya mawe hayo ndimo wanamokaa bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki usiwe sumu. Mchanga wa zamani tuliuacha. Ukiutibua mchanga wa miaka 15 wapata harufu ya yai viza, na samaki wapata zaidi ya harufu.

Tumbawe la mzee halikuingia katika tangi jipya. Nililiweka mezani ndani ya beseni, nikashika wembe, nikasimama. Mama watoto akaniuliza, "Wangoja nini?" Sikuwa na jibu. Nikakata. Kipande kimoja nikambakizia binti yake yule mzee, kimoja nikakiweka kwetu. Kilijikunja, kikawa kama ngozi kuukuu.

Sasa tufike kwenye taa, nako ndiko nilikoharibu.

Mwaka 1961 bwana mmoja wa Jakarta, Lee Chin Eng, alieleza katika gazeti la wafugaji jinsi alivyoendesha tangi la bahari kwa mawe hai, mapovu ya hewa, na jua tu. Jakarta jua lipo. Hamburg mwezi Desemba jua huaga saa kumi jioni, tena likiwa limejifunika blanketi. Kwa hiyo taa ndiyo jua letu. Zangu za zamani zilikuwa mbili za metali halaidi, kila moja wati 250, na tyubu nne za wati 80. Jumla wati 820. Ukiziwasha saa 10 umekula uniti 8 na ziada, na kwa bei ya senti 35 hivi za Euro kila uniti, ni karibu Euro 3 kila siku ya Mungu. Tena tangu Agosti 2023 Umoja wa Ulaya umezuia tyubu mpya za namna ile kuingizwa sokoni kwa sababu ya zebaki iliyomo. Basi nikanunua taa moja ya LED ya wati 90, inayoongozwa kwa simu.

Nilipoiwasha niliiona hafifu, ya buluu. Nikaipandisha mpaka asilimia 100, nikaenda kulala nimeridhika.

Sikilizeni sasa. Macho ya binadamu huona sana kijani na manjano, lakini buluu huiona kidogo. Tumbawe ni kinyume chetu. Ndani ya nyama yake hukaa mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, nao hutengeneza chakula kwa mwanga na kumlisha mwenyeji wake sehemu kubwa ya riziki yake. Mwani huo hupenda buluu, kwa kuwa ndiyo inayoshuka mbali majini. Nyekundu huishia juu. Basi taa niliyoiona mimi hafifu, kwao ilikuwa jua la utosi. Na tumbawe haliwezi kusogea kivulini. Mwanga ukizidi, mwani huanza kutoa sumu, na tumbawe huufukuza. Likiisha ufukuza labaki jeupe, likifa njaa polepole.

Siku ya nne tumbawe langu la matawi lilikuwa jeupe upande wote wa juu. Weupe ule niliutambua. Mwaka 1998 miamba mingi ya Kenya na Tanzania iligeuka hivyo hivyo kwa joto la bahari, na matumbawe mengi yakafa. Yale ya 1998 hakuyataka mtu. Haya niliyafanya mwenyewe, kwa kidole kimoja, juu ya simu.

Niliazima kipima mwanga kwa mwenzangu. Mahali ambapo katika tangi la zamani palisoma 180, sasa palisoma 420. Matumbawe laini mengi hutosheka na kati ya 80 na 150. Nikainua taa sentimita 15, nikaishusha hadi asilimia 30, nikafanya kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo: kuongeza 5 kila juma, siyo zaidi, na kutazama siku mbili tatu kabla ya kuongeza tena. Likipauka, narudi nyuma. Likiwa na rangi ya kahawia nzito, lataka mwanga zaidi, lakini kahawia haiui, basi haina haraka.

Jambo moja zaidi, ambalo hakuniambia mtu. Taa za zamani zilikuwa zikipasha maji. LED haziyapashi kama zile, na baridi ilipoingia nilikuta maji ni nyuzi 23 badala ya 25, maana kipasha joto changu kidogo kilikuwa kimezoea kusaidiwa. Kaguzeni chenu kabla hamjabadili taa.

Lile tumbawe la matawi nusu yake ilikufa. Nusu iliyobaki imeanza kurudisha rangi chini, kwenye kivuli. Kipande cha mzee kilikaa kimejikunja siku 12, kikavaa utando unaong'aa kama nta. Nami nikadhani ndio mwisho, nikatafuta maneno ya kumwambia binti yake. Siku ya 13 utando ukachanika, pampu ikauchukua, na jioni vikonyo vyake vyote vikatoka, vikicheza na maji.

Leo taa iko asilimia 45. Jumamosi itapanda hadi 50. Simu inayoiongoza anayo mama watoto. Amebadilisha neno la siri, wala hataki kuniambia.