Mzigo wa Kuithibitisha Shahada Si wa Mhitimu Peke Yake

Pale Biafra, Kinondoni, ukishuka Barabara ya Kawawa hukosi steshenari. Ndiyo jirani ya makao makuu ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, na penye wanafunzi hapakosi mashine ya kutoa kopi. Wateja wa maduka hayo hawaleti vitini tu. Wapo wanaochomoa bahasha ya kaki kwa mikono miwili, ndani yake shahada, transkripti, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, na cheti cha kuzaliwa kutoka RITA. Wanatoa kopi, wanakimbilia kwa wakili agonge muhuri, wanaskani, wanatuma. Baada ya hapo ni kusubiri majibu kutoka Berlin, Toronto au New York.

Wengi wanakwama, na mara nyingi kinachowakwamisha si elimu waliyoipata. Ni karatasi isiyojieleza.

Chukua transkripti ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pale A huanzia alama 70, B+ ni 60 hadi 69, B ni 50 hadi 59. Wastani unapigwa juu ya 5, ambapo 4.4 na kuendelea ni daraja la kwanza, na 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu. Mpelekee karatasi hiyo karani wa udahili wa Marekani, ambaye kwake alama 70 ni ya mwanafunzi aliyeponea chupuchupu na wastani unakomea 4. Mhitimu mwenye 3.8 akijaza fomu ya mtandaoni na kuandika 3.8 kama ilivyo, amejipandisha cheo bila kujua. Akiamua kuwa mwaminifu, akagawanya kwa 5 na kuzidisha kwa 4, anapata 3.04, na kijana aliyekuwa miongoni mwa waliofanya vizuri darasani anageuka mtu wa kawaida. Hesabu zote mbili zinadanganya. Ufunguo wa madaraja ndio ungesema kweli, lakini mara nyingi umechapwa nyuma ya karatasi kwa herufi ndogo, na aliyeskani ukurasa wa mbele peke yake ameuacha Kinondoni.

Kredit nazo zina mtego wake. Kwa mfumo wa Tanzania, kredit moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu inataka kredit 360. Ulaya, kredit moja ni saa 25 hadi 30, na shahada kama hiyo ni kredit 180. Asiyeelezwa atadhani Mtanzania amesoma mara mbili ya Mjerumani, au ataona namba hazieleweki na kuliweka faili kando. Faili likishawekwa kando, nani atalirudia?

Halafu kuna majina ya vyuo. Daktari aliyesoma Muhimbili na kuhitimu mwaka 2005 ana shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu wakati huo Muhimbili ilikuwa chuo kishiriki. Mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili, MUHAS. Mwaka huohuo Chuo cha Ardhi nacho kikajitenga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo cha Ushirika Moshi kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 2014. Sisi tunaijua historia hiyo kwa sababu tumeiishi. Mtathmini wa Ujerumani anafungua kanzidata ya anabin, ambamo kila chuo kina alama yake ya kutambuliwa au kutotambuliwa, anatafuta jina lililoandikwa kwenye cheti, kisha anauliza kwa nini barua ya utambulisho imetoka chuo kingine. Mwenye jukumu la kumjibu ni nani? Kwa sasa ni daktari mwenyewe, usiku, baada ya zamu.

Wapo watakaosema wageni wana haki ya kutushuku, maana kughushi vyeti kumetuletea fedheha. Ni kweli. Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki iliyowataja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Lakini uhakiki ule ulihusu vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu, na uliwezekana kwa sababu kumbukumbu zake ziko mahali pamoja, Baraza la Mitihani. Mwenye namba ya mtihani na mwaka anaweza kujibiwa. Shahada hazina ghala la namna hiyo. Kila chuo kina masijala yake, mafaili yake na kasi yake ya kujibu barua. Ndiyo maana mashirika ya kutathmini vyeti kama WES ya Marekani na Kanada hayaitaki transkripti iliyopitia mkononi mwa mhitimu. Yanaitaka itoke chuoni moja kwa moja, iwe kwa mtandao au kwa bahasha iliyofungwa. Hapo bidii ya mhitimu imefika ukingoni, na kilichobaki ni bidii ya ofisi ya msajili.

Na chuo kikifungwa je? Februari 2016 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ilifuta vibali vya vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu vilivyokuwa Songea, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Mtu wa namna hiyo anapoomba kusoma nje, rekodi yake ina vipande viwili, na kipande kimoja mlango wake umefungwa.

Ulaya walilitatua jambo hili kwa hati moja. Kila shahada inafuatana na kiambatisho chenye sehemu nane, kinachoeleza chuo, ngazi ya shahada, masomo, maana ya madaraja na mfumo mzima wa elimu wa nchi. Mawaziri wao walikubaliana Berlin mwaka 2003 kwamba kuanzia 2005 kila mhitimu apewe, bila kuomba na bila kulipa. Hakuna ufundi wa kutisha hapo. Ni kurasa chache tu, ambazo sehemu kubwa yake ni maelezo yaleyale kwa wahitimu wote wa programu moja.

Kwetu mikataba haikosekani. Mkataba wa kwanza wa Afrika wa kutambuliana vyeti vya elimu ya juu ulipitishwa Arusha mwaka 1981, ukaboreshwa Addis Ababa mwaka 2014. Mei 2017 mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliofanyika Dar es Salaam, uliitangaza jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. UNESCO nayo ina mkataba wa dunia nzima, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika Machi 2023. Wakuu wametia saini, kijana wa Kinondoni bado anagongesha mihuri.

TCU, iliyoanza mwaka 2005, ina kazi ya kutathmini shahada zinazotoka nje. Aliyesoma nje ya nchi anajua kwamba cheti chake lazima kipite kwao. Umakini huohuo uelekezwe pia upande wa pili wa mlango. Tume iviagize vyuo vyote vitoe kiambatisho cha shahada siku ya mahafali, bure, kikiwa na ufunguo wa madaraja, maana ya kredit na historia ya jina la chuo. Iwe na daftari moja la kitaifa la wahitimu ambalo mtathmini wa Toronto anaweza kuliuliza kwa namba na kujibiwa siku hiyohiyo, na rekodi za vyuo vilivyofungwa zihamie humo. Gharama yake haiwezi kufikia ile ambayo familia zinalipa leo kwa mawakili, vifurushi na nauli.

Hadi hilo litakapofanyika, anayehitimu mwaka huu asiondoke chuoni na joho na picha tu. Askani transkripti pande zote mbili, ahakikishe jina lake linafanana na la pasipoti herufi kwa herufi, na aombe idara yake maelezo ya kila kozi aliyosoma, yenye muhuri, kabla mtaala haujabadilishwa na mwalimu anayeujua hajastaafu.