Kitambo cha Onyesho: Dhidi ya Uhakiki wa Pupa

Limezuka katika uhakiki wa Kiswahili zoea la kulivika onyesho taji kabla ya wino wa kitabu kukauka. Riwaya au tamthilia huteuliwa kutahiniwa shuleni. Mwaka haujapita, miongozo imekwisha kutangaza kwamba onyesho fulani ni nembo ya fasihi nzima. Swali la msingi haliulizwi: ni kitambo gani kipite ndipo onyesho listahili hukumu hiyo?

Jibu na lianzie Isiolo, mbali na kumbi za vyuo vikuu. Serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, mtu asiingie wala asitoke bila kibali. Hata baada ya uhuru wa 1963, kwa miongo mingi lami iliishia Isiolo, na magari ya kuelekea Marsabit na Moyale yakangojea kizuizini hadi yapate askari wa kuyasindikiza. Msafiri aliyesimama mbele ya kizuizi: hilo ndilo onyesho linaloufumbata usemi wa watu wa kaskazini kwamba aendaye kusini "anakwenda Kenya". Katika miaka ya 2010 lami ilifika Moyale, takriban kilomita 500. Barabara imebadilika, usemi ungalipo. Hapa pana kipimo cha kwanza: onyesho huwa nembo linapoishi baada ya hali iliyolizaa kutoweka au kufifia.

Kipimo cha pili ni ustahimilivu mbele ya msomaji mkaidi. Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Katika hali ile, ilikuwa rahisi kumshangilia shujaa anayekataa kuikana nguvu ya maji hata akiwa mikononi mwa Wajerumani. Lakini onyesho lilo hilo huruhusu swali chungu: kiongozi ana haki gani ya kuilinda imani aliyoitilia shaka mwenyewe, ilhali imewapeleka wafuasi wake mbele ya bunduki? Onyesho halikuvunjika kwa swali hilo, lilipanuka. Mhakiki aliyelisifu kwa ushujaa pekee alikuwa ameona nusu yake tu.

Pupa haikosei katika sifa pekee, bali hata katika lawama. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971, ilishutumiwa kwa kukiuka maadili na kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Macho ya walioishutumu yalimwandama Rosa. Mintarafu ya kipigo cha Zakaria, baba anayemwadhibu bintiye kwa sababu ya barua, hawakuwa na mengi ya kusema. Baadaye riwaya hiyo iliingia katika mitalaa, na kipigo kile kikaonekana kuwa mzizi wa msiba wote.

Watakuja wenye kudai kwamba redio, televisheni na simu zimeufupisha muda, na kwamba onyesho la leo huwafikia watu kwa siku moja kuliko lilivyowafikia zamani kwa miaka kumi. Hoja hiyo inachanganya kuenea na kudumu. Moto wa mabua pia huonekana mbali. Wengine watauliza mhakiki atafanya kazi gani iwapo atangoje. Kazi yake haijapungua: aeleze, achambue, alinganishe, hata akosoe. Asichoruhusiwa ni kutawaza.

Basi kitambo hicho kisihesabiwe kwa miaka mitupu, kihesabiwe kwa vizazi. Onyesho lisihukumiwe kuwa nembo kabla ya watoto wa wasomaji wa kwanza kulipokea bila ya kushurutishwa na mtihani, kulipinga, na bado kulihitaji ili waseme jambo lao.

Suala hili si la wasomi kutambiana istilahi. Mwanafunzi wa Isiolo anayekaririshwa kwamba nembo zimekwisha kuteuliwa hufundishwa pia, kimyakimya, kwamba kizuizi alichosimuliwa na babu yake si fasihi. Amepewa nembo ambazo hazijaishi, akanyang'anywa iliyoishi. Uhakiki unaofanya hivyo umesimamisha kizuizi kingine, na huu hauna hata askari wa kumsindikiza msafiri.